Msaidizi wa kambi ya vijana: wiki nzima kando ya Ziwa Tanganyika

Mchungaji ana mahubiri yake, mwenyekiti wa vijana ana ratiba yake, kwaya ina vyombo vyake. Msaidizi wa kambi anabaki na vitu viwili: maji na hesabu ya watu. Kambi nyingi huharibika kwa sababu moja kati ya hizo mbili. Ama watu wamekunywa maji mabaya, au kuna kijana mmoja ambaye kwa dakika arobaini hakuna anayejua yuko wapi. Maelezo haya ni ya huyo msaidizi. Hesabu zote zinachukua kundi la watu 30, yaani vijana 24 wa miaka 14 hadi 19 na watu wazima 6, wanaoingia kambini Jumatatu mchana na kutoka Jumapili baada ya ibada. Kundi lako likiwa kubwa au dogo, gawanya na kuzidisha.

Lini, wapi, na kwa ruhusa ya nani

Likizo ya Juni inafaa kwa Kigoma kwa sababu mvua imekwisha, njia ni kavu na mbu wamepungua kidogo. Ina mambo matatu ya kukumbuka. La kwanza ni upepo wa kusini, ambao kipindi hicho hulichafua ziwa, hasa kuanzia adhuhuri. La pili ni baridi ya usiku huko juu milimani, Kalinzi na Buhigwe, ambako kijana wa mitaa ya mjini kama Mwanga au Ujiji aliyezoea joto la ufukweni atatetemeka hadi asubuhi kama amekuja na shuka moja. La tatu ni samaki. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Uliza afisa uvuvi hali ya mwaka wako kabla ya kuandika "migebuka" kwenye ratiba ya chakula. Ziwa likiwa limefungwa, utategemea dagaa wakavu walionunuliwa mapema.

Kuna jambo moja ambalo wageni kutoka Dar es Salaam huwa hawalijui. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa ni ileile, kwa hiyo mwezi Juni jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi na huzama karibu saa moja jioni. Ratiba inayosema "saa kumi na mbili asubuhi, mazoezi ufukweni" inawapeleka vijana majini gizani. Sogeza kila kitu saa moja mbele.

Eneo la kambi liwe na mambo manne: zahanati isiyozidi nusu saa kwa bodaboda, mtandao wa simu angalau mahali pamoja panapojulikana, njia ambayo gari linaweza kufika, na mwenyeji. Kiwanja cha kanisa la kijijini au shule iliyofungwa ni bora kuliko ufukwe mzuri usio na mtu. Mistari ya vilima inayoshuka hadi ziwani huficha mtandao. Ukisogea nyuma ya kilima kimoja tu simu inakufa. Tembea eneo lote wiki mbili kabla, simu mkononi, uweke alama mahali inaposhika.

Ruhusa huanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha mtendaji wa kata, kisha taarifa kwa polisi kwa barua yenye muhuri wa kanisa. Usitume vijana wawili wenye haraka. Nenda na mzee wa kanisa wa pale pale, keti, salimia kwanza: "Shikamoo mzee. Tumetoka kanisani mjini, tumekuja kujitambulisha na kuomba eneo. Tuna vijana ishirini na nne, na hii ndiyo orodha yao." Orodha ya majina inabadilisha mazungumzo, kwa sababu mwenyekiti anayo karatasi ya kuonyesha akiulizwa. Huu ni mkoa wa mpakani, na ukaguzi wa uhamiaji barabarani ni jambo la kawaida. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha NIDA au namba yake, kila mwanafunzi kitambulisho cha shule, na dereva wa kosta awe na nakala ya barua. Kijana mmoja asiye na karatasi yoyote anaweza kulichelewesha gari zima hadi jioni.

Eneo likiwa ndani ya msitu wa hifadhi, mwenyekiti wa kijiji hatoshi. Hapo utahitaji kibali cha TFS, wakala wa huduma za misitu.

Fomu ya mzazi

Fomu nyingi za makanisa zinauliza jina, simu na sahihi. Ongeza maswali haya, na uyaulize kwa maneno ya wazi: ana pumu? ana kifafa? ana selimundu (sikoseli)? ana kisukari? kuna dawa anayokunywa kila siku, saa ngapi? kuna chakula kinachomdhuru? anajua kuogelea, ndiyo au hapana? Weka namba mbili za simu, na bima ya afya kama anayo.

Wazazi huficha kifafa kwa aibu. Kwa hiyo andika chini ya fomu kwamba majibu yatasomwa na watu wawili tu, mkuu wa kambi na mhudumu wa huduma ya kwanza, na kwamba hakuna kijana atakayekataliwa kwa ugonjwa wake. Kisha shika ahadi hiyo. Mwenye kifafa anakuja kambini, ila haingii majini bila mtu mzima wa kwake peke yake, aliye karibu kiasi cha kumshika mkono. Mwenye selimundu hapandi mlima bila maji ya kutosha na hakai na nguo mbichi, maana kiu na baridi huamsha maumivu.

Chakula

Vijana waliotembea kutwa hula kuliko wanavyokula nyumbani. Kwa mlo mmoja wa watu 30, hesabu hivi: unga wa ugali kilo 9, mchele kilo 5, maharage makavu kilo 3, dagaa wakavu kilo 1 na nusu, mawese lita 1. Uji wa asubuhi unakula unga kilo 1 na nusu. Kwa wiki nzima, ukiweka ugali mara saba, wali mara nne na uji kila asubuhi, utahitaji viroba vitatu vya unga vya kilo 25, mchele kilo 20, maharage kilo 18, dagaa kilo 6, sukari kilo 12, chumvi kilo 2. Mlo unaobaki uwe ndizi au viazi vitamu vya kijijini. Wenyeji wakiona kambi inanunua kwao, macho yao yatawalinda vijana wenu kuliko uzio.

Maharage yanahitaji akili kidogo. Yaloweke usiku, mwaga maji yale asubuhi, weka mengine, na yachemke kwa nguvu hadi yapondeke kwa vidole viwili. Maharage yaliyoiva nusu, hasa yale mekundu, hutapisha kambi nzima ndani ya saa chache, na kila mtu atadhani ni kipindupindu. Unga wa muhogo nao ununue kwa mtu anayejulikana kuuloweka na kuukausha vizuri. Ule wa muhogo mchungu ulioharakishwa una sumu, na dalili zake ni kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika. Kuchanganya nusu kwa nusu na unga wa mahindi hupunguza hatari na pia huwaridhisha wasiozoea ugali wa muhogo.

Mpishi mkuu awe mtu mzima mmoja asiyebadilika. Zamu za vijana ni za kuchota, kuosha, kukata na kugawa. Mkiachia kila zamu ipike kivyake, siku ya tatu mafuta yatakuwa yameisha.

Maji

Kwa siku moja kundi hili linataka madumu 14 ya lita 20. Ya kunywa ni madumu matano (lita 3 kwa mtu, zaidi siku ya kupanda milima), ya kupikia matatu, ya mikono na vyombo sita. Hayo hayajagusa maji ya kuoga.

Ziwa Tanganyika linadanganya kwa uzuri wake. Maji ni maangavu, unaona mawe chini mita kadhaa, na kijana yeyote atakuambia babu yake ameyanywa maisha yote. Lakini vijiji vya mwambao vimewahi kupata kipindupindu mara nyingi, na uangavu hausemi chochote kuhusu vijidudu. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kweli kweli kwa dakika moja au zaidi, au yatiwe dawa. Kidonge cha WaterGuard cha kawaida ni kimoja kwa dumu la lita 20 la maji safi. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha weka viwili. Soma pakiti, kwa kuwa vidonge vina ukubwa tofauti. Tikisa, funga, subiri nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo huvunjwa. Vijana wanarudi kutoka mpirani na kiu, wanakuta dumu limetiwa dawa sasa hivi, wanakunywa. Dawa ni ya kutibu maji ya jioni asubuhi, na ya asubuhi jioni.

Tenganisha madumu kwa rangi. Ya kunywa yafungwe kitambaa chekundu shingoni na yasitoke jikoni. Ya kuchotea yasiwe na kitambaa. Dumu la kunywa likionekana ziwani, limeshakuwa la kuchotea. Lioshwe upya kabla halijarudi. Na kikombe kisitumbukizwe ndani ya ndoo. Tumia ndoo yenye koki, au kata yenye mpini mrefu inayoshikwa na mtu mmoja wa zamu.

Choo kabla ya hema

Mkifika, kabla hata ya kuimba, chimbeni choo. Kama shule au kanisa lina vyoo, vihesabu: tundu moja kwa watu 15 ni afadhali, moja kwa 30 ni foleni na vichaka. Mkichimba, kiwe upande wa chini wa mteremko, hatua 50 au zaidi kutoka ziwani, kisimani na jikoni. Kina cha mita moja na nusu kinatosha wiki. Wasichana wawe na matundu mawili, wavulana moja, na vijia vyao visikutane. Kila anayetoka anamwaga kopo la majivu.

Nje ya choo funga kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye tundu dogo karibu na mdomo, limening'inizwa kwenye mti wa kulala juu ya nguzo mbili, kamba ikishuka hadi kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Sabuni itobolewe na kufungwa kamba, la sivyo itaondoka siku ya kwanza. Kibuyu kikikauka hakuna atakayekijaza kwa hiari. Mpe mtu jina lake kwenye zamu. Matroni awe na begi la taulo za kike, na wasichana wote waambiwe siku ya kwanza, bila wavulana kuwepo, kwamba begi lipo na haliulizi maswali.

Hesabu ya watu

Gawa vijana 24 katika vikundi vinne vya sita, na katika kila kikundi jozi tatu. Kila mtu anajibu kwa mwenzake, jozi zinajibu kwa kiongozi wa kikundi, vikundi vinajibu kwako. Ukipuliza filimbi mara tatu, unapaswa kuwa na majibu manne ndani ya dakika mbili. Fanya zoezi hilo mara tano siku ya kwanza, kama mchezo, hadi lizoeleke. Hesabu rasmi ni kabla ya kila mlo, kabla na baada ya kuingia majini, kila kituo cha njiani, na kabla ya kulala. Iandike kwenye daftari pamoja na saa. Kusema "wapo wote" bila kutaja namba si hesabu.

Kwa ulinzi wa vijana wenyewe, mtu mzima asiwe peke yake na kijana mmoja mahali pasipoonekana, iwe ni hemani, garini au kwenye maombi ya faragha. Ushauri wa kiroho unafanyika mbele ya macho ya wengine, mbali na masikio yao tu. Hema za wasichana zinalindwa na matroni wawili, za wavulana na mapatroni wawili. Kijana akileta malalamiko ya kuguswa au kutishwa, hayamalizwi kwa kikao cha wazee wa kanisa. Yanakwenda kwa mkuu wa kambi na afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Iandike ubaoni ionekane na kila mtu.

Kupanda milima

Vilima vya nyuma ya ufukwe vinaonekana vifupi kutoka chini. Ziwa lenyewe liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda hadi mashamba ya kahawa ya Kalinzi umeongeza mamia ya mita. Kwa kundi la vijana, hesabu kilomita 3 kwa saa tambarare, 2 kwa saa kwenye mwinuko. Safari ya kilomita 12 kwenda na kurudi ni ya siku nzima. Ondokeni mapema jua linapotoka, na saa nane mchana muwe mmeshageuka hata kama kilele kiko pale.

Mbele anakaa mwenyeji anayejua njia. Wa pili nyuma yake ni kijana mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, na huyo ndiye anayeamua kasi. Wengi humweka mwisho, halafu kila kituo anapofika wenzake wanasimama kuendelea, kwa hiyo yeye hapumziki hata mara moja. Msaidizi anakaa mkiani na haruhusu mtu kubaki nyuma yake kwa sababu yoyote. Anayejisaidia anangojwa na jozi yake na wewe. Tembeeni dakika 50, pumzikeni 10. Chupa ya lita moja na nusu kwa kila mtu, na madumu mawili ya akiba ya lita 5 yabebwe kwa zamu.

Kandambili zinakataliwa. Viatu vipya pia, ambavyo ndivyo wazazi wenye mapenzi hununua kwa ajili ya kambi. Kituo cha kwanza, baada ya dakika 30 tu, vua viatu, kagua visigino. Ngozi ikiwa nyekundu na ina joto, bandika plasta sasa hivi. Ukisubiri hadi lengelenge litokee, utambeba mtu. Lililokwisha kutokea lisitumbuliwe njiani. Lizungushie kitambaa chenye tundu katikati ili kiatu kisiliguse.

Nyasi za Juni zinaanza kukauka, na moto wa kundi moja unaweza kuteketeza shamba la kijiji. Safisha duara la mita mbili kila upande kabla ya kuwasha. Kuzima ni kumwaga maji, kukoroga majivu, kumwaga tena, kisha kupitisha mgongo wa kiganja karibu na majivu. Kama bado unasikia joto, haujazimika.

Akiumwa na nyoka, mlaze, mtulize, funga mguu au mkono usitikisike kama uliovunjika, vua pete na viatu, mkimbize hospitali. Usichane, usinyonye, usikaze kamba, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Usimfukuze nyoka pia. Mtu wa pili huumwa hivyo.

Majini

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na kwenye miamba ukingo unakatika ghafla. Hatua tatu maji ya kiunoni, ya nne hakuna chini. Kwa hiyo eneo la kuogelea lichaguliwe na mtu mzima anayejua maji, apite kwa miguu kila upande, kisha liwekewe mpaka: kamba ya mita 30 yenye madumu matupu manne yaliyofungwa vifuniko. Mpaka usizidi kifua cha kijana mfupi kuliko wote. Waulize wavuvi kuhusu mamba kabla ya kuuliza mtu mwingine yeyote. Midomo ya mito, kama Luiche kusini ya Ujiji na Malagarasi, si mahali pa kuchezea kabisa.

Kichocho kipo sehemu za ziwa. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na karibu na mahali watu wanapoogea na kufulia kila siku. Chagua mchanga au mawe yanayopigwa na mawimbi, epuka matete, na ogeleeni asubuhi, maana vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali katikati ya mchana. Asubuhi pia ndipo ziwa limetulia. Kuna pia nyoka wa majini, swila anayekula samaki. Kwa kawaida hukwepa watu. Akionekana, watu watoke taratibu, na asiguswe wala kupigwa mawe.

Ingizeni vijana 12 kwa mara moja, dakika 20. Watu wazima watatu kazini: wawili ufukweni, wakavu, bila simu mkononi, na mmoja ndani ya maji kwenye mpaka akitazama nchi kavu. Filimbi kila dakika tano, kila jozi inashikana mikono na kuinua juu. Jozi iliyoachana inatoka kwa zamu nzima. Wataona ni ukali, lakini aliyezama hapigi kelele. Anatulia tu na kushuka.

Kifaa cha kuokolea ni rahisi: dumu tupu la lita 5 lenye maji kidogo ndani ili lirushike mbali, limefungwa kamba ya mita 20. Mrushie, mvute. Usimfuate kwa kuogelea kama hukufunzwa, maana atakukumbatia mzame wote. Aliyetolewa hapumui: mlaze chali, inua kidevu, anza kumpulizia pumzi mdomoni, kisha kandamiza kifua mara 30 na pumzi mbili, rudia bila kuacha. Kumning'iniza kichwa chini au kumkandamiza tumbo ni kupoteza dakika ambazo hana.

Boti na Gombe

Kundi lililo Kigoma litataka kwenda Gombe, na ni haki yao; hifadhi iko kilomita zipatazo 16 kaskazini mwa mji, na ndiko Jane Goodall alikoanza kuwatazama sokwe mwaka 1960. Wekeni siku hiyo katikati ya wiki, mkiacha siku moja wazi baada yake ili upepo ukiharibu ya kwanza mnayo ya pili. Kodini boti moja kwa kundi lenu badala ya kujaza boti za abiria za Kibirizi zenye magunia na mbao. Kabla ya kulipa, hesabu majaketi okozi: 30 kwa watu 30, yenye mikanda inayofunga. Yanavaliwa nchi kavu kabla ya kupanda, na hayageuzwi viti. Uliza mafuta ya akiba, injini ya pili au makasia, na kama nahodha ana simu. Mkiona mawimbi yenye povu jeupe hamwondoki, hata kama nahodha anasema ameyazoea. Yeye ameyazoea, vijana wako hawajayazoea.

Hifadhi ina umri wa chini kwa wanaokwenda kwa sokwe. Piga simu TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mapema, jueni nani atapanda na nani atabaki na programu ya ufukweni na maporomoko. Mwenye mafua au kikohozi haendi, hata akilia. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu, na mafua ya kijana mmoja yanaweza kuua. Kaeni mita 10 au zaidi, bila kula mbele yao. Kwa nyani wa ufukweni shida ni kinyume: wao ndio watakaowafuata. Chakula kiwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, na kijana asitembee na ndizi mkononi.

Mkesha, mfungo na anayeanguka

Hapa ndipo msaidizi hugombana na viongozi wa kiroho, na afadhali mgombane ofisini mapema. Mkesha wa maombi usiwekwe usiku wa kuamkia mlima, boti au kuogelea. Uwekwe usiku ambao asubuhi yake ni ya kulala hadi saa nne. Vijana wasiolala huteleza kwenye mawe, na mlinzi wa ufukweni aliyesinzia ni sawa na asiyekuwepo.

Anayefunga aseme. Hatumkatazi, ila siku hiyo anabaki kambini kwenye kazi nyepesi na anakunywa maji. Kijana aliyefunga kimya kimya huanguka kilimani saa sita mchana.

Na kijana akianguka wakati wa maombi, kabla ya mtu yeyote kukemea, wewe piga magoti upande wake. Anapumua? Ana homa? Amekula nini leo, amekunywa nini? Ana kifafa kwenye fomu? Anahema haraka haraka huku vidole vikikakamaa? Mgeuze ubavu, sogeza watu apate hewa, mpe maji yenye sukari akiwa amezinduka na anaweza kumeza. Akiwa na degedege zaidi ya dakika tano, au hazinduki, ni gari na zahanati. Maombi yanaweza kuendelea njiani.

Ulinzi wa usiku ni zamu za saa mbili, watu wawili wawili, mmoja wao mtu mzima, wakikaa mahali panapoonekana. Taa ya sola moja chooni, moja jikoni. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge.

Homa, kuhara, na wiki zinazofuata

Kigoma ina malaria nyingi. Kila anayelala, mtu mzima au kijana, yuko ndani ya chandarua. Kwenye hema kubwa vyandarua hufungwa kwenye kamba moja iliyonyooshwa juu. Mwenye homa anapelekwa kupimwa siku hiyo hiyo. Usimpe dawa mseto kwa kubahatisha, na usimpe nusu ya dozi iliyobaki ya mtu mwingine. Kwa kuhara, pakiti ya ORS, yaani unga wa kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji safi. Zikiisha, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, kwa lita moja. Wawili wakihara siku moja, simamisha jiko, kagua madumu mekundu, mjulishe mhudumu wa zahanati. Choo kinachofanana na maji ya mchele hakisubiri asubuhi. Kwa hali kama hiyo, na kwa ajali kubwa, gari lielekee Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ndiyo sababu gari moja au bodaboda mbili zilale kambini zikiwa na mafuta, na fedha ya dharura ikae kwa mtu asiye mweka hazina wa chakula.

Jumapili, baada ya ibada, fukieni choo, zungukeni eneo kwa mstari mkiokota taka, rudisheni kilichoazimwa kwa mwenyewe, mkono kwa mkono, na muage kwa mwenyekiti. Hesabu ya mwisho inafanyika wakati kila kijana anapokabidhiwa kwa mzazi, jina kwa jina. Anayeshuka njiani kwa shangazi yake awe na ujumbe wa mzazi kwenye simu yako.

Kisha mpe kila mzazi karatasi ndogo yenye mambo mawili. Malaria iliyoingia kambini huonekana siku saba hadi wiki mbili au zaidi baadaye, kwa hiyo homa yoyote mwezi huu akapimwe, na aseme alikuwa kambini. Na kama aliogelea ziwani, apimwe kichocho baada ya wiki sita hadi nane, au mapema akiona damu kwenye mkojo au choo, dawa ipo. Karatasi hiyo iandaliwe kabla ya kambi kuanza, kwa sababu Jumapili jioni hakuna mwenye nguvu ya kuandika chochote.